Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu: mkutubi aje tulipo

Kwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu nchini, Wakurugenzi wa Maktaba, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia.

YAH: MAKTABA ILIYOHAMIA KWENYE SIMU NA MKUTUBI ALIYEACHWA NYUMA

Waheshimiwa, shikamooni.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Usiku mmoja wa bamvua, nikiwa Paje, Unguja, nilihitaji makala moja. Mchana nilikuwa nimeshinda majini na akina mama wanaolima mwani, na kwenye kamba za mmoja wao mwani ulikuwa umeanza kuwa mweupe na kukatika vipande, ugonjwa ambao hata wakulima wenyewe siku hizi wanauita ice-ice. Asubuhi maji yangekupwa tena na nilitaka kujua nipime nini. Google Scholar ikanionyesha makala inayohusu ugonjwa huohuo, na sampuli zake, amini msiamini, zilichukuliwa Paje. Pwani ileile niliyokuwa nimeketi nikiwapiga mbu. Jarida ni la Ulaya. Likaniomba dola 39.95 ili nisome habari za ufuo ulio mbele yangu. Kwa hela hiyo ningejiunga bando la miezi mitatu.

Nikatupa kiungo kwenye kundi letu la WhatsApp: "Wadau, naomba hii." Dakika kumi na moja baadaye PDF ikaingia. Aliyeituma anasoma China, sijawahi kumwona, na kwangu ilikuwa saa nne usiku, maana yake kwake ilikuwa saa tisa. Nikamwambia asante, akajibu "pamoja mkuu", akapotea.

Dakika zile kumi na moja ndizo zilizonifanya niandike barua hii. Ndani yake kuna maktaba nzima ambayo haimo kwenye bajeti zenu, haina jengo wala mkurugenzi, na watafiti wenu wa uzamili na uzamivu wanaitumia kuliko ile mnayoizindua kwa kukata utepe.

Kundi lenyewe lilianzishwa na wanafunzi wachache wa uzamili waliokuwa wakigawana vitabu vya takwimu. Mwaka 2022 WhatsApp ilipopandisha kikomo cha kundi hadi watu 1,024 tulidhani tumepata uwanja. Likajaa, tukafungua la pili. Humo mna mtu wa udongo aliyeko Morogoro, mna daktari anayesomea afya ya jamii Mbeya, mna dada wa isimu Bujumbura, mna kijana wa Goma anayeuliza kwa Kiswahili chake cha Kongo na kujibiwa na Mpemba kwa chake, na kwa namna ambayo wanaisimu wetu waitafiti siku moja, wanaelewana. Admini ni watatu, hawalipwi. Mmoja wao simu yake ikijaa hufuta picha za harusi yake ili PDF za watu zipate pa kukaa. Mke wake hajajua bado.

Sheria zetu ni kali kuliko za maktaba. Ukiomba makala unaleta DOI, ile namba ndefu inayoanza na 10, siyo picha ya skrini iliyokatwa kichwa. Huombi kitabu kizima. Ukishapata unaandika "imepatikana" ili watu waache kuhangaika. Siasa hapana, mahubiri hapana, kuku wa kienyeji wa oda hapana. Asiyeshukuru mara tatu anatolewa, na akirudi kwa namba nyingine tunamjua kwa mwandiko.

Desturi hii hatukuibuni sisi. Mwaka 2011, Twitter ikiwa bado inaitwa Twitter, Andrea Kuszewski alipendekeza alama ya #ICanHazPDF, kwa kile Kiingereza cha makusudi kilichovunjika cha picha za paka. Mtafiti anaandika makala anayoitaka na baruapepe yake, mwenye nayo anamtumia, kisha mwombaji anafuta ombi lake. Walioomba hawakuwa watu wa nchi maskini peke yao. Wa Marekani na Uingereza walikuwamo tele. Aprili 2012 baraza la ushauri la maktaba ya Harvard liliwaandikia wahadhiri wa chuo hicho kwamba ada za majarida, zilizokaribia dola milioni 3.75 kwa mwaka, hazibebeki tena. Ikiwa Harvard iliguna, sisi tungefanyaje?

WhatsApp ni sebule tu. Mafaili mazito yanakaa Telegram. YouTube ndiko tulikojifunzia R na NVivo, programu za kuchambulia data, wengi wetu kwa walimu wa Kihindi ambao hatujui majina yao lakini tukikwama tunasema "ngoja nimuulize mwalimu". Matangazo ya ufadhili na makongamano yanapita LinkedIn. Na ResearchGate, iliyoanza mwaka 2008, ina kile kitufe cha kumwomba mwandishi mwenyewe nakala ya kazi yake. Huko ndiko nilikompata profesa mmoja wa Ufilipino. Mnajua kwamba mbegu za mwani tunaolima zilitoka kwao, na kilimo cha biashara kikaanzia Paje na Jambiani mwaka 1989. Alinitumia makala sita, kisha akaniuliza swali moja: maji yenu siku hizi yana joto kiasi gani? Sikuwa na jibu. Nikanunua vipimajoto, nikaanza kuvitega kwenye vigingi vya akina mama. Swali lile leo ni sura ya tatu ya tasnifu yangu, na halikutoka kwenye kitabu chochote.

Sasa nije kwenu.

Mwaka jana tuliitwa semina. Mkubwa mmoja, ambaye sitamtaja yeye wala chuo chake, alisimama akasema mitandao ya kijamii si chanzo cha kitaaluma na atakayebainika anaitegemea, kazi yake itarudishwa. Ukumbi ukapiga makofi. Nami nilipiga. Kisha nikaingiza mkono mfukoni kuzima simu, kwa sababu kundi lilikuwa linaita.

Mheshimiwa yule alichanganya chanzo na njia. Sijawahi kunukuu WhatsApp. Nimenukuu makala iliyopitia kwa wakaguzi, ikachapishwa, ikanifikia kwa WhatsApp. Samaki anavuliwa baharini, analetwa nyumbani na bodaboda, na sijasikia mtu akisema mchana alikula bodaboda.

Halafu kuna nyakati ambapo mazungumzo yenyewe ndiyo elimu. Januari 2020 mfuatano wa kwanza wa vinasaba vya kirusi kilichozuka Wuhan uliwekwa kwenye tovuti ya virological.org, na wataalamu duniani wakapata habari kwa ujumbe mfupi wa mtaalamu wa virusi Edward Holmes kwenye Twitter. Wangesubiri jarida wangesubiri sana. Mei 22 mwaka huohuo The Lancet ikachapisha utafiti kuhusu hydroxychloroquine uliojengwa juu ya data za kampuni iitwayo Surgisphere. Watafiti wakaanza kuuchambua hadharani mitandaoni. Waliuliza, pamoja na mengine, inawezekanaje hospitali za Afrika zilizodaiwa kuwamo ziwe na kumbukumbu za kielektroniki za sehemu kubwa namna ile ya wagonjwa wa bara zima. Mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni kwenye dirisha la faili angeuliza hivyohivyo. Ikaandikwa barua ya wazi, na Juni 4 makala ikabatilishwa. Siku 13 tu. Wahariri wa jarida kubwa waliipitisha, na kelele za wasomi mitandaoni zikaikamata.

Lakini nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Makundi haya yametuumiza, na hapa ndipo nataka mkae kidogo na mimi.

Mwenzetu mmoja alikuwa anadaiwa na chuo chake makala mbili kabla ya kuruhusiwa kuwasilisha tasnifu. Likapita tangazo kundini: jarida la "kimataifa", majibu ndani ya siku tatu, ada dola 150. Jina lilifanana na la jarida halisi la fani yake, tofauti ni neno moja. Akakopa, akalipa. Siku ya tatu pongezi zikaja. Hakuna mtu aliyeisoma kazi ile, na tunajua hivyo kwa sababu jedwali la pili lilikuwa tupu. Alisahau kulijaza, na likachapishwa hivyohivyo tupu. Kamati ya chuo ikaikataa makala. Jarida halisi nalo halikuitaka tena, kwa kuwa ilikwisha kuchapishwa kwingine. Mwaka mmoja na nusu wa kazi ya maabara ukaishia hapo, na yeye ndiye aliyeambiwa ni mzembe.

Mkutubi angelikagua jarida lile kwa muda wa kuchemsha chai. Angelitafuta kwenye DOAJ, saraka ya majarida huria iliyopo tangu 2003. Angeangalia kama lipo AJOL, inayokusanya majarida ya Afrika tangu 1998. Angemwandikia mmoja wa wahariri waliotajwa, na pengine angejibiwa kwamba mhariri huyo hana habari kama ni mhariri. Sisi hatukuwa na mkutubi. Tulikuwa na admini wa uhandisi wa umwagiliaji ambaye alisema, kwa nia njema kabisa, "mimi naona liko poa."

La pili ni la kimya zaidi. PDF ikishashuka kwenye simu ya mtu, imekatika na dunia. Makala ikibatilishwa, tangazo linawekwa kwenye tovuti ya jarida. Lile faili lililoko kwenye simu ya mtu wa Mbeya halipati taarifa. Linaendelea kusambazwa likiwa zima, halina hata doa. Tumeshawahi kujadili kwa juma zima, kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne nne, matokeo ya kazi ambayo waandishi wake walikuwa wameshaiondoa. Kuna pia lile suala la matoleo. Rasimu ya kabla ya ukaguzi na makala iliyochapishwa zina jina moja, waandishi walewale, na wakati mwingine namba tofauti kwenye jedwali lilelile.

Na tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022 tumepata balaa jipya. Mtu analeta ombi. Mwandishi yupo kweli, jarida lipo kweli, mwaka unaleta maana. Admini wanatafuta, wa China anatafuta, wa India anatafuta. Saa nzima. Kumbe makala yenyewe haijawahi kuandikwa na binadamu, imetungwa na mashine iliyoombwa marejeo. Siku hizi tunaziita makala jini, na tumeongeza sheria: usilete ombi ambalo hujaliona mwenyewe kwenye tovuti ya jarida.

Nakiri pia, kabla hamjanisomea sheria, kwamba sehemu ya tunayoyafanya inagongana na hakimiliki. Tunajua. Tunajua mahakama ya Marekani iliamuru mwaka 2017 Sci-Hub ya Alexandra Elbakyan, tovuti inayogawa makala bure bila idhini, iilipe kampuni ya uchapishaji ya Elsevier dola milioni 15, na kwamba tangu wachapishaji walipoifungulia kesi Delhi, India, Desemba 2020 makala mpya zimekuwa adimu huko, ndiyo maana maombi ya makala za juzijuzi yanaangukia kwetu. Hakuna anayejivunia. Mtu mwenye ufunguo hapandi ukuta.

Hapo kwenye ufunguo ndipo anapoingia dada mkutubi.

Aliingia kundini kimya kimya, miezi mitatu hakuandika neno. Siku moja mtu akaomba makala, mwingine akaituma, na dada akaandika kwa mara ya kwanza: "Samahanini. Hiyo mliyotumiana ni rasimu. Iliyochapishwa ipo bure, mwandishi ameiweka kwenye hazina ya chuo chake, kiungo hiki hapa. Jedwali la 4 limebadilika." Kundi likanyamaza kama darasa mwalimu anapoingia.

Kuanzia siku hiyo mambo yakageuka. Akatufundisha Unpaywall, kile kiongezi cha kivinjari kilichopo tangu 2017, kinachokuonyesha kama makala inayouzwa ina nakala halali ya bure mahali pengine. Nyingi tulizokuwa tukizihangaikia usiku zilikuwa nayo. Akatufundisha kumwandikia mwandishi barua fupi yenye adabu, maana wengi wanaruhusiwa kutoa nakala na wanafurahi kuombwa. Tangazo la jarida likipita yeye analipitia kwanza. Akiweka kidole chini tunalifuta bila mjadala. Mwenzetu wa jedwali tupu alisema laiti angeingia mwaka mmoja kabla.

Kisha jioni moja akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Kwani vyuo vyenu havijasajiliwa Research4Life?"

Wengi hatukujua ni nini. Waheshimiwa, nyinyi mnajua. Ilianza mwaka 2002 na Hinari ya Shirika la Afya Duniani, kwa watu wa afya. Zikafuata AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Wachapishaji wakubwa wa dunia wanafungua majarida yao kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo, na Tanzania imo kwenye lile kundi la nchi ambazo hazilipi hata senti. Nikaenda maktaba ya chuo changu kuuliza. Chuo kilisajiliwa siku nyingi. Pasiwedi ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya risasi ndani ya jalada la daftari la kaunta, anapewa anayeuliza. Nikauliza kwa nini haijatangazwa. Nikaambiwa masharti yanakataza kuisambaza ovyo, jambo ambalo ni kweli, na kwamba wanafunzi hawaulizi, jambo ambalo nalo ni kweli. Mtu ataulizaje asichojua kipo?

Nikakaa pale pale kwenye kiti cha mbao, nikaingia. Ile makala ya Paje ya dola 39.95 ilikuwamo.

Mwisho wa habari ya dada mkutubi ni mfupi. Aliitwa ofisini. Akaambiwa kituo chake cha kazi ni dawati la marejeo, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na kwamba makundi ya mitandaoni hayamo kwenye majukumu yake. Watu wakimhitaji wamfuate dawatini. Kumbuka alikuwa anatuhudumia usiku, kwa bando lake. Akatuaga kwa ujumbe wa sauti wa sekunde arobaini, hakumsema mtu, akatoka. Juma lile ombi la kwanza lililokuja lilikuwa la makala jini, na tulilitafuta mpaka usiku wa manane.

Ombi langu ni kwamba arudi. Yeye au mwenzake, lakini arudi kwa barua rasmi, siyo kwa huruma yake. Kila maktaba ya chuo itoe walau mkutubi mmoja ambaye kazi yake, iliyoandikwa kwenye malengo yake ya PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, na kupimwa kama kazi nyingine, ni kukaa walipo watafiti: kwenye makundi yao ya WhatsApp na Telegram, saa mbili hadi saa nne usiku, muda ambao wengi wetu tumetoka kazini, tumelaza watoto na tumefungua kompyuta. Apewe simu ya ofisi na bando la ofisi. Asubuhi aingie kazini saa nne kama fidia. Hakuna haja ya jengo, zabuni, wala mgeni rasmi. Najua kuna atakayeuliza mamlaka ya mkutubi kwenye kundi asilolianzisha ni yapi. Atakuwa mgeni kama wengine, na sheria ya kushukuru itamhusu.

Aje pia na ufunguo. Majarida ambayo vyuo vyetu vinayalipia kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba, COTUL, mara nyingi yanafunguka kwa intaneti ya kampasi tu, na mtafiti ni mtu asiyekaa kampasi. Yuko Paje, yuko Mpanda, yuko kwenye mtumbwi Kigoma. Programu za kumfungulia mlango akiwa mbali si uchawi mpya. EZproxy imekuwapo tangu 1999. Nimesoma na watu waliokuwa hawajazaliwa mwaka huo.

Kuhusu tasnifu zetu sitasema mengi. Nilitumia siku mbili na nauli ya boti kwenda kusoma, ndani ya chumba kilichofungwa, kazi ya uzamili ya miaka ya tisini kuhusu mwani wa kijiji ninachokitafiti. Haikuruhusiwa kupigwa picha. Mwandishi wake, nilipompata kwenye Facebook, alinitumia yote kabla sijamaliza kujitambulisha, akasema hajui kwa nini watu hawaisomi. Hazina za kidijitali za vyuo zipo; kinachotakiwa ni zisizimike, na kazi zisicheleweshwe miaka kuingizwa.

Kwa Wizara na TCU nina jambo la ukubwa mwingine. Novemba 2024 serikali ya India iliidhinisha mpango wa taifa zima kununua majarida kwa mkataba mmoja: rupia bilioni 60 kwa miaka mitatu, wachapishaji 30, majarida karibu 13,000, taasisi zaidi ya 6,300. Misri ilifungua benki yake ya maarifa Januari 2016, na raia wa kawaida anaingia. Hatuna fedha za India, hilo halina ubishi. Lakini tumeshaonyesha kwamba tukitaka maktaba tunapata mfadhili: ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyozinduliwa Novemba 2018 kwa msaada wa China inakalisha wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, na nimesoma humo, ni nzuri, ina hewa. Meza ya mazungumzo iliyoleta jengo inaweza pia kuleta mkataba wa kusoma. Na mnapokaa na wachapishaji, mwambieni yeyote anayeuza makala yenye sampuli za Paje kwamba watu wa Paje wanataka kuisoma.

Jambo la mwisho nalisema kwa sauti ya chini. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN, ile njia ya kupitia mtandaoni kwa kujificha, waisajili, na Mei 2025 X, iliyokuwa Twitter, ikafungwa nchini. Sababu zilitolewa na sina nia ya kubishana nazo hapa. Nasema tu kwamba wataalamu wa magonjwa ya mwani, kama wa fani nyingine nyingi, walikuwa na mjadala wao huko, na mtafiti wa serikali, kwenye chuo cha serikali, kwa fedha za serikali, asiwekwe mahali pa kujificha ili asome wenzake wanasema nini kuhusu joto la bahari. Anayeweza kulipeleka hili kunakohusika ni nyinyi, siyo mimi mwenye vipimajoto.

Bamvua ijayo narudi Paje. Yule mama wa mwani mweupe ananiuliza kila nikienda kama nimeshapata jibu, na safari hii nina la kumwambia, ingawa si zuri: maji yamepata joto, na aina ya kotonii, inayolipa zaidi, ndiyo isiyolivumilia.

Kundi la pili nalo linakaribia kujaa. Nimewaomba admini waache nafasi moja bila kumwingiza mtu hadi nipate majibu ya barua hii. Wamekubali, lakini ni mpaka mwisho wa mwezi.

Wenu mtiifu,

Mtafiti wa uzamivu, mwaka wa nne

Nakala: Dawati la marejeo.